Mluzi kwenye spika za gari: ukaze ethi, ufunge aisoleta au uweke filta?

Shemeji yangu alifunga mwenyewe redio ya Android, amplifaya ya chaneli nne na sabufa kwenye IST yake, kazi iliyomlia Jumamosi mbili chini ya mwembe. Redio iliyokuja na gari ilikuwa ya soko la Japani, mawimbi yake ya FM yanaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar alikuwa akizisikia kwenye magari ya wenzake tu. Mpya ikafungwa, ikaimba vizuri gari likiwa limezimwa. Alipowasha injini, twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zikaanza kupiga mluzi mwembamba. Akipiga resi mluzi unapanda, akiachia unashuka.

Jumatatu akapita Kariakoo. Muuzaji hakuuliza hata gari gani: "Kaka, chukua hii, funga kwenye RCA, mluzi unakata papo hapo." Akaja nayo kwangu ikiwa bado kwenye nailoni, kijiboksi cheusi cha ukubwa wa kiberiti chenye mikia miwili ya RCA kila upande, yaani zile pini za nyaya zinazopeleka muziki kutoka redio hadi amplifaya. Hiyo ndiyo aisoleta. Ndani ya mfuko kulikuwa na kijiboksi cha pili, kizito zaidi, chenye waya wa njano unaoingia upande mmoja na kutokea wa pili, pamoja na waya mweusi. Hiyo ni filta ya umeme, aliyouziwa "kama ya kwanza ikishindwa".

Wengi wetu hununua vijiboksi hivi kabla ya kugusa kitu kingine. Mimi mwenyewe nimewahi kuvinunua vyote viwili siku moja. Dawa ya tatu haina boksi wala muuzaji: ni spana, msasa na nusu saa ya kujikunja kwenye buti. Nimezitumia zote tatu kwenye magari tofauti, na msimamo wangu nautoa mapema: anza na ethi, yaani pale waya hasi unaposhika bati la gari. Aisoleta na filta zina mahali pake, lakini ukizifunga pasipo pake umetupa hela, na kwa aisoleta ya bei poa unaweza kupoteza na besi.

Mluzi unaingilia wapi

Altaneta huzalisha umeme wa mawimbi, kisha dayodi zilizomo ndani yake huunyoosha uweze kuchaji betri. Unyooshaji huo hauwi kamili. Juu ya zile volti 14 hivi zinazosomeka gari likiunguruma hubaki viwimbi vidogo, na injini ikizunguka kasi navyo vinakuja kwa kasi, ndiyo maana mluzi unafuata mguu wako. Kila gari linavyo, hata lililotoka kiwandani jana. Kinachotafutwa ni mlango vilioingilia kwenye muziki.

Milango mikubwa ni miwili. Wa kwanza ni ethi. Redio imeshika ethi kwenye dashibodi, amplifaya imeshika ya kwake huko nyuma, na katikati kuna mita kadhaa za bati. Ethi ya nyuma ikiwa legelege, sehemu hizo mbili zinakuwa na volti tofauti, na umeme unaotaka kurudi betri unajipatia njia ya mkato kwenye wavu wa nje wa waya wa RCA. Huo ndio waya unaobeba muziki, kwa hiyo viwimbi vinapandia humohumo. Mlango wa pili ni waya wa moto wa redio: viwimbi vinaingia pamoja na umeme unaoilisha, na redio ambayo mtengenezaji wake alibana matumizi kwenye vichujio vya ndani inavitoa nje kupitia pini za sauti.

Aisoleta inakata njia ya RCA. Filta inaziba mlango wa pili. Spana inaondoa kile kilichofanya umeme utafute njia ya mkato. Tatu hizi hazitibu ugonjwa mmoja, ingawa dukani zinauzwa kwa maneno yaleyale.

Pima kwanza

Zima gari, chomoa pini za RCA pale kwenye amplifaya, kisha washa injini. Uzime kweli kabla ya kuchomoa, maana ukichomoa amplifaya ikiwa hai itapiga mlio wa kuua twita. Kama mluzi bado upo wakati RCA zinaning'inia, basi umo kwenye amplifaya yenyewe, umeme wake au nyaya za spika, na hapo aisoleta haina kazi kabisa kwa sababu inakaa kwenye waya ambao umeshautoa.

Mara nyingi mluzi utanyamaza. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanasema "basi ni redio" na kukimbilia dukani. Ukichomoa RCA umekata pia ule mzunguko wa ethi, kwa hiyo ukimya huo unaweza kuwa wa redio mbovu au wa ethi mbovu. Bado hujajua.

Kipimo kinachotenganisha ni waya mnene wa muda kutoka skrubu ya ethi ya amplifaya hadi nguzo hasi ya betri, moja kwa moja, ukipitia dirishani. Kwa shemeji tulitumia nyaya za kubusti, nyekundu na nyeusi tukazibana ncha kwa ncha ili urefu utoshe. Waya wa ethi wa zamani tuliuacha palepale, tukaongeza huu juu yake. RCA zikarudishwa, injini ikawashwa, akapiga resi. Mluzi ulishuka hadi ukabaki wa kusikia kwa kuweka sikio kwenye twita. Hukumu ikapatikana hapo, na vijiboksi vikiwa bado kwenye nailoni.

Kama usingeshuka, ningehamia mbele. Ningechukua kipande cha waya na kugusisha duara la nje la pini ya RCA, upande wa redio, kwenye bodi ya chuma ya redio hiyohiyo. Baadhi ya redio zina kinjia chembamba cha ethi ya RCA ndani yake ambacho huungua kirahisi. Kikiungua, mluzi unajaa kwenye chaneli zote, na ukigusisha waya huo, mluzi unakatika ghafla. Dawa yake ni kuufunga waya huo uwe wa kudumu. Haigharimu chochote.

Na kinachokiunguza mara nyingi ni sisi wenyewe: mtu anafungua ethi ya amplifaya huku umeme upo na RCA zimechomekwa, umeme wote unakosa pa kurudi isipokuwa kwenye kawavu kale. Ondoa fyuzi kubwa ya karibu na betri kwanza, ndipo uguse ethi.

Ethi: kazi chafu, matokeo ya kudumu

Tulipofungua buti la IST tukakuta waya wa ethi umebanwa kwenye bolti iliyokuwepo, juu ya rangi ya gari. Kichwa cha waya kilikuwa kimekaza kweli, ukikivuta hakitikisiki, na ndiyo maana shemeji aliapa kwamba ethi haina tatizo. Lakini rangi ni kizuizi. Umeme ulikuwa unapitia kwenye nyuzi za bolti tu, pale zilipokwangua kidogo wakati wa kukaza.

Nikaweka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya na nyingine, kwa kuirefusha na waya, kwenye nguzo hasi ya betri. Muziki ukiwa juu ilisoma kati ya 0.5 na 0.6 kila besi inapogonga. Ethi nzuri hapo inatakiwa isome sehemu ya kumi ya volti, au zaidi yake kidogo tu. Kipimo hiki nakiamini kuliko kile cha ohmu ambacho wengi hutumia, kwa sababu nyaya za mita zenyewe zina ukinzani unaolingana na kile unachokitafuta, na pia ethi inayopitisha umeme kidogo wa mita inaweza kushindwa inapoombwa ampea 30.

Tukakwangua rangi kwa msasa hadi bati likang'aa jeupe, eneo pana kuliko kichwa cha waya. Tukaweka washa yenye meno, tukakaza, kisha tukapaka grisi juu yake baada ya kukaza. Kwa gari linaloishi pwani usiruke hatua hiyo ya grisi. Bati lililokwanguliwa likiachwa wazi na huu upepo wa chumvi, litakuwa na kutu mapema na mluzi utarudi kukusalimia.

Halafu waya. Kifurushi alichonunua kiliandikwa geji 4. Nikakwangua uzi mmoja kwa wembe: juu wekundu wa shaba, ndani mweupe. Hiyo ni alumini iliyovishwa shaba, na alumini hupitisha umeme kwa asilimia 60 hivi ya shaba. Isitoshe, ganda la plastiki lilikuwa nene na waya wenyewe mwembamba kama kamba ya viatu. Haina maana lazima uitupe, ina maana uihesabu kuwa ndogo kuliko ilivyoandikwa. Tulinunua nusu mita ya waya wa shaba halisi kwa ajili ya ethi peke yake, kwa sababu ethi ni fupi na hapo bei haiumi. Unene wake usipungue ule wa waya wa moto, na urefu usizidi nusu mita.

Bolti ya mkanda wa usalama usiitumie, hata kama iko karibu na inavutia. Ile ina kazi yake siku ya ajali.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inachosha, inachafua, na huwezi kumtuma mtu dukani akakuletea. Unaweza pia kuifanya vizuri kabisa ukakuta mluzi haukutoka huko. Lakini hata ukikosea umebaki na kitu: amplifaya yenye ethi nzuri haipati joto ovyo, haijizimi katikati ya wimbo, na besi yake inakaza. Kati ya dawa tatu, ni hii tu ambayo ukiifanya bure haikudhuru.

Aisoleta: rahisi kufunga, lakini sikiliza besi

Ndani ya kijiboksi kuna transfoma ndogo mbili, moja ya kila upande. Muziki unavuka kwa sumaku bila nyaya kugusana, na kwa kuwa hazigusani, mzunguko wa ethi umekatika. Kwa kanuni ni dawa safi. Shida ni ukubwa wa transfoma. Sauti nzito inahitaji chuma kingi, na kwenye kijiboksi cha ukubwa wa kiberiti chuma hakipo. Mawimbi ya chini yanaishiwa nguvu au yanapinda.

Kwa kuwa shemeji alikuwa amekwishanunua, tulijaribu kabla ya kukwangua chochote. Mluzi ulikata papo hapo, muuzaji hakudanganya. Kisha nikaweka dansi la zamani ninalolijua vizuri. Gitaa la besi likawa kama linapigwa chumba cha pili, mlango umefungwa. Shemeji akasema, "Mbona iko sawa tu?" Nikachomoa aisoleta, nikachomeka RCA moja kwa moja, mluzi na besi vikarudi pamoja. Akanyamaza. Mtu aliyenunua sabufa ya inchi 12 halafu akaikaba koo kwa kijiboksi cha bei ya chipsi mayai amejifanyia hesabu mbaya.

Zipo aisoleta nzuri, nzito mkononi, zenye transfoma za haja, na kwa hizo besi inapita. Bei yake ni mara kadhaa ya hizi za nailoni. Kama umepima, umekaza ethi, na bado kuna mzunguko usioweza kuuondoa, nunua ya namna hiyo, na uifunge kwenye chaneli za spika za milangoni. Ya sabufa iache bila kama inawezekana: mluzi ni sauti nyembamba, na sabufa yenye kichujio chake haiutoi hata hivyo.

Kuna hali moja ambayo kijiboksi cha bei rahisi ndicho jibu sahihi: simu iliyochomekwa kwenye AUX huku inachaji kwenye chaja ya gari. Hapo mzunguko wa ethi unapitia chaja, simu na waya wa AUX, na hakuna bolti ya kukaza. Ukichomoa chaja na mluzi ukakata, umejua. Aisoleta ndogo ya pini ya AUX inamaliza, na kwa spika za kawaida za milangoni hutahisi pengo la besi. Au tumia Bluetooth, uachane na waya kabisa.

Kasoro nyingine ya aisoleta hawaisemi: inanyamazisha dalili. Ethi mbovu inabaki ilivyo, amplifaya inaendelea kupata umeme pungufu, na mwaka mzima baadaye ikianza kujizima utaanza kutafuta upya kitu ulichokuwa umeonyeshwa tangu mwanzo.

Filta ya umeme

Hii ni koili na kapasita, zinazokaa kwenye waya wa moto wa redio na kuvitoa viwimbi kabla havijaingia. Inafaa pale ambapo kipimo cha ethi hakikubadilisha kitu, pini za RCA zina ethi yake, na mluzi bado unatoka redioni. Redio za Android za bei ya chini ndizo wateja wake wakubwa, maana ndani yake kuna kompyuta nzima imebanwa kwenye bodi moja na vichujio vya umeme vya kuhesabu. Zingine zina kelele zao wenyewe zisizofuata resi kabisa, aina ya mchakato mdogo unaobadilika ukigusa skrini, na hizo filta ya waya wa moto haizifikii.

Angalia ampea. Filta ya 10 au 15 inatosha redio. Usiifunge kwenye waya mkuu wa amplifaya, kwa sababu amplifaya inavuta mara mbili au tatu ya hapo na koili itapata moto. Ifunge karibu na redio, si karibu na betri, na waya wake mweusi uupe bati safi. Besi haiguswi na filta, hilo ni jambo lake zuri kuliko aisoleta.

Kabla ya kuinunua, geuza mita iwe kwenye volti za AC na upime betri injini ikiunguruma, taa zikiwaka. Ikisoma nusu volti au zaidi, kuna dayodi ya altaneta imekufa au inakufa. Hapo hakuna kijiboksi kitakachosaidia, peleka altaneta kwa fundi umeme kabla betri haijaanza kukulaza njiani.

Kabla hujachagua, mawili ya pembeni

Siyo kila kelele ni mluzi. Kama ni msss wa moja kwa moja usiojali injini, gein ya amplifaya, ile skrubu ya kukuza sauti inayoingia, imefunguliwa mno. Iteremshe, kisha pandisha sauti ya redio hadi kama robo tatu, na upandishe gein taratibu hadi sauti ikutoshe. Gein si kitasa cha sauti, inapandisha muziki na uchafu wake kwa pamoja. Na kama waya wa RCA umelazwa sambamba na waya wa moto chini ya kapeti, tandaza RCA ya ziada juu ya viti kwa muda. Mluzi ukipungua, hamishia RCA upande wa pili wa gari.

Sasa uchague nini

Kama amplifaya umeifunga mwenyewe na hujawahi kukwangua rangi, usinunue chochote wiki hii. Kama huna mita, azima, au nunua ile ya bei ya chini kabisa. Kwa kazi hii inatosha. Kama gari lina redio tu bila amplifaya na mluzi upo, ruka aisoleta kwa sababu hakuna RCA ya kuikata, kaza ethi ya redio kwanza kisha filta. Kama kelele inakuja ukichaji simu tu, aisoleta ya AUX, na usihangaike na buti. Kama umemaliza yote na mluzi bado upo, kuna amplifaya zenye sehemu ya kuingizia sauti kutoka nyaya za spika za redio badala ya RCA. Njia hiyo inabeba sauti yenye nguvu zaidi, kwa hiyo gein inakaa chini na mluzi unazama. Ubora wake si wa kujivunia, ila nimeona ikiokoa kazi.

Fundi wa kulipwa namweka mwisho, na si kwa dharau. Fundi mzuri atapita hatua hizihizi kwa kasi kuliko wewe. Dalili ya kuondoka nayo ni fundi anayefungua droo ya aisoleta kabla hajafungua buti lako.

IST ya shemeji sasa haina kijiboksi hata kimoja. Mita baada ya kukwangua ilisoma 0.06 muziki ukiwa juu. Filta ilirudi dukani, muuzaji akakubali kubadilisha na fyuzi mbili. Aisoleta hakuipokea, eti nailoni imechanwa, kwa hiyo nimeikata pini na kuifunga kwenye waya wa AUX wa Noah yangu, ambako mama watoto huchaji simu huku akisikiliza mawaidha, na hapo inafanya kazi vizuri.